Mtihani Mmoja, Leseni Hamsini

Kila muuguzi aliyesajiliwa Marekani, awe amesomea Minneapolis, Manila au chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, tawi la Kisii, hupita mlango mmoja: mtihani wa NCLEX. Ulianza mwaka 1982, na hauna toleo la Texas wala la New York. Maswali hutoka hazina moja na kiwango cha kufaulu ni kimoja, kwa hiyo aliyefaulu amefaulu kwa nchi nzima. Ila leseni ya nchi nzima hapewi. Leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo, na kwa karibu karne moja nguvu yake ilikoma mpakani mwa jimbo hilo.

Mizizi ya utaratibu huu ni ya mwaka 1903, North Carolina ilipotunga sheria ya kwanza ya kusajili wauguzi. New Jersey, New York na Virginia zikafuata mwaka huohuo. Kila jimbo likajijengea bodi yake, ada zake, fomu zake na masharti yake. Yalikuwa maendeleo makubwa, kwa sababu kabla ya hapo yeyote aliyejiita muuguzi aliweza kuajiriwa kama muuguzi. Tatizo lilikuja baadaye, watu walipozoea kuhama. Mume anapata kazi Atlanta. Kodi ya nyumba Seattle inawashinda. Mama mzazi amekuja kutoka Eldoret, baridi ya Minnesota inamuumiza mifupa, na familia inaamua kusogea kusini. Mtu anafunga virago akiwa muuguzi mwenye uzoefu, anafungua virago akiwa hana ruhusa ya kumpa mgonjwa hata kidonge kimoja.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Wakenya walioko Minnesota, Massachusetts, Texas, Washington, Georgia na Maryland wanajua ni watu wangapi miongoni mwao wanaoishi kwa kazi ya kuuguza. Wengi walianza kama wasaidizi wa wauguzi, wakiwaogesha wazee na kuwageuza vitandani usiku kucha, asubuhi wakaenda darasani na usingizi machoni. Wakapanda ngazi: kwanza LPN, muuguzi wa ngazi ya chini mwenye leseni, kisha RN, muuguzi aliyesajiliwa. Leseni hiyo ndiyo inayolipa karo ya wadogo zao nyumbani na matibabu ya wazazi wao. Inaposimama kwa miezi miwili, kuna watu hadi Nyamira na Bungoma wanaosubiri pamoja na mwenye leseni.

Dawa ya tatizo hili ilitafutwa. Baraza la kitaifa la bodi za uuguzi, linalojulikana kwa kifupi kama NCSBN, lilibuni mkataba wa majimbo uitwao Nurse Licensure Compact. Wazo lilifanana na leseni ya udereva: uipate nyumbani kwako, uendeshe popote, lakini ufuate sheria za barabara uliyopo. Muuguzi angepata leseni katika jimbo analoishi, kisha angeweza kufanya kazi katika majimbo mengine yote ya mkataba, akitii sheria za jimbo aliko mgonjwa. Majimbo ya mwanzo yalikuwa Maryland, Texas, Utah na Wisconsin, na mkataba ukaanza kutumika mwaka 2000. Toleo lililoboreshwa lilianza tarehe 19 Januari 2018, likiwa na masharti ya pamoja: kufaulu NCLEX, kutokuwa na hatia ya jinai nzito, kuwa na namba ya hifadhi ya jamii, na kuchukuliwa alama za vidole ili rekodi zichunguzwe na FBI. Aliyesomea nje ya Marekani huhakikiwa pia masomo yake na Kiingereza chake.

Kwa maandishi, ni mpango mzuri sana, na nasema hivyo bila kusita. Hadi kufikia 2025 majimbo 41 yalikuwa yameupitishia sheria, pamoja na Guam na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Lakini ukiufuata hadi chini, mahali muuguzi anaposimama na sanduku lake, unakutana na neno moja linaloamua kila kitu: makazi. Leseni ya majimbo mengi hutolewa na jimbo unaloishi, na lazima jimbo hilo liwe mwanachama. Hupimwi kwa ustadi wako wala kwa miaka uliyokaa wodini. Unapimwa kwa anwani iliyo kwenye leseni yako ya udereva, kwa kadi yako ya kupigia kura kama unayo, na kwa fomu yako ya kodi ya mapato ya shirikisho.

Ukitaka kuona maana ya neno hilo, nenda pale mto Red unapotenganisha North Dakota na Minnesota. Upande wa magharibi uko mji wa Fargo, upande wa mashariki Moorhead. Ni miji miwili iliyoshikana. Watu huvuka daraja kwenda kununua mkate. North Dakota imo katika mkataba, Minnesota haimo. Chukua wauguzi wawili wanaofanya kazi wodi moja katika hospitali ya Fargo, zamu moja, wakipokezana wagonjwa walewale. Anayelala Fargo ana leseni inayomfungulia makumi ya majimbo. Anayelala Moorhead hawezi kuipata hata akiiomba kwa machozi, maana anaishi Minnesota. Yeye akitaka kufanya kazi pande zote mbili analipia leseni ya Minnesota, analipia na ya North Dakota, na akitaka kufanya kazi Florida ataanza upya. Huyu wa Fargo naye, pamoja na leseni yake pana, haruhusiwi kwenda kuajiriwa hospitalini ng'ambo ya daraja analoliona kila siku.

Minnesota ndiko jamaa zetu wengi walikotua. Nje ya mkataba, pamoja na Minnesota, zimo California, New York, Illinois, Michigan, Oregon, Nevada, Alaska na Hawaii. Mtu aliyefuata binamu yake hadi Brooklyn Park, Minnesota, miaka ishirini iliyopita hakujua kwamba anachagua pia aina ya leseni atakayokuwa nayo. Aliyefuata shangazi hadi Dallas hakujua kwamba amebahatika. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika mpango huu: uliundwa kwa ajili ya watu wanaohama, lakini faida yake inategemea mahali ulipokuwa kabla ya kuhama.

Dada mmoja ninayemfahamu, muuguzi wa wagonjwa mahututi, alihama kutoka Minnesota kwenda jimbo moja la kusini lililo ndani ya mkataba. Kazi alikuwa ameshapewa kwa barua. Nyumba ilishalipiwa. Alitoa notisi kwa mwajiri wake wa zamani akiamini kwamba miaka yake ya kazi itamsemea. Uthibitisho wa leseni yake ulipita haraka, kwa kuwa bodi nyingi hutumia hifadhi ya pamoja ya kompyuta iitwayo Nursys. Kilichokwama ni vidole.

Muuguzi wa chumba cha mahututi hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kabla ya kuvaa glavu na baada ya kuvua, siku nzima, na kati ya kunawa hupaka dawa ya spiriti. Miaka ikipita ngozi ya ncha za vidole hulainika na mistari yake hufifia. Nilimtazama akiweka vidole vyake kwenye meza chini ya taa, akivisugua kwa mafuta ya mgando kama alivyoshauriwa na jamaa zake wa kazini. Vilikuwa laini kama karatasi iliyokunjwa na kunyooshwa mara nyingi. Alama za kwanza zilirudishwa kwa kuwa hazisomeki. Akapangiwa siku nyingine, zikarudishwa tena. Baada ya kukataliwa mara mbili ndipo uchunguzi unaweza kufanywa kwa kutumia jina badala ya alama, na huo nao una foleni yake. Mwanamke huyu vidole vyake vimefifia kwa sababu amefanya kazi yake sawasawa, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya ashindwe kuthibitisha yeye ni nani. Tarehe ya kuanza kazi ilisogezwa, ikasogezwa tena. Bima ya afya ya mwajiri wa zamani ilikuwa imekwisha, ya mwajiri mpya haijaanza, na mtoto wake ana pumu.

"Kaka," aliniambia, "mimi siombi kupendelewa. Nilifanya mtihani wao, nimehudumia watu wao. Wanipe tu njia ya kuendelea kufanya ninachokijua."

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo naona ombi lake ni la haki kabisa.

Mambo mengine yanayomsubiri anayehama ni madogo ukiyataja moja moja, ila kwa pamoja yanakula wiki. Texas humtaka mwombaji afanye mtihani mfupi kuhusu sheria za uuguzi za jimbo hilo. New York hudai mafunzo ya kuzuia maambukizi na ya kutambua dalili za watoto wanaodhulumiwa. California huchukua alama za vidole kwa mashine kwa aliye ndani ya jimbo, na kwa kadi za karatasi zinazosafiri kwa posta kwa aliye nje. Na kama ulisomea Kenya au Tanzania, huenda bodi mpya ikataka tena uhakiki wa masomo yako, na hapo unaanza kupiga simu usiku, saa za ofisi za Nairobi au Dodoma, ukimbembeleza karani atafute faili la miaka kumi na mitano iliyopita.

Hata pale jimbo linapokubali kujiunga, kati ya kutia saini na kutekeleza kuna safari ndefu. Pennsylvania ni mfano ambao kila anayeandika mipango ya serikali angepaswa kuusoma. Sheria ya kujiunga ilitiwa saini mwaka 2021. Ikagundulika kwamba jimbo halina idhini ya FBI ya kufanya uchunguzi wa rekodi za wauguzi wake kwa namna mkataba unavyotaka. Bila uchunguzi huo halikuweza kutoa leseni ya majimbo mengi. Septemba 2023 lilifungua mlango nusu: wauguzi wa majimbo mengine wenye leseni ya mkataba wakaruhusiwa kuja kufanya kazi Pennsylvania, lakini wauguzi wa Pennsylvania wenyewe wakabaki na leseni zinazoishia mpakani. Wageni waliingia na wenyeji hawakutoka. Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 7 Julai 2025, miaka minne tangu sheria kupita. Massachusetts, ambako Wakenya wa Lowell wamesubiri kwa hamu, ilipitisha sheria yake Novemba 2024, na mwaka mmoja baadaye bado ilikuwa kwenye maandalizi. Rhode Island ilikuwemo katika mkataba wa zamani, ikabaki nje ya ule mpya ulipoanza 2018, ikarudi 2024. Muuguzi aliyeishi Providence miaka hiyo yote hakubadilika chochote. Aliamka siku moja leseni yake imefupishwa, akaamka siku nyingine imerefushwa.

Ndani ya mkataba wenyewe kuna jambo moja ambalo watu hulielewa vibaya hata baada ya kuambiwa. Leseni ya majimbo mengi hukuruhusu kufanya kazi majimbo mengine, haikuruhusu kuhamia huko na kukaa nayo milele. Ukihamisha makazi kutoka Georgia kwenda Tennessee, yote yakiwa wanachama, lazima uombe leseni ya Tennessee. Kanuni iliyoanza tarehe 2 Januari 2024 inakupa siku 60 za kutuma ombi hilo, na wakati unasubiri unaendelea kufanya kazi kwa leseni ya zamani. Huo ni utaratibu wa kiungwana. Lakini ukihama kutoka Georgia kwenda Illinois, ile leseni pana inageuka kuwa ya jimbo moja, na Illinois hutafanya kazi mpaka bodi yake ikukubali. Nimesikia watu wakibishana kuhusu hili katika sherehe za mahari, yaani ruracio, na katika harambee, kila mmoja akiwa na uhakika na kila mmoja akitoa mfano wa mtu wake. Mara nyingi wote wawili husema kweli, tofauti ikiwa ni mpaka walioupita.

Kwa nini basi Minnesota inakataa? Si kwa uzembe. Chama cha wauguzi cha Minnesota kinaupinga mkataba waziwazi, na vyama vya California vina msimamo huohuo. Hoja yao nzito inahusu mgomo. Septemba 2022 wauguzi wapatao 15,000 wa Minnesota waligoma siku tatu, wakidai, pamoja na mshahara, idadi ya kutosha ya wauguzi katika kila zamu. Hospitali zilileta wauguzi mbadala kutoka nje. Chama kinauliza: leseni zikiwa huru kabisa kuvuka mipaka, mwajiri atakuwa na sababu gani ya kukaa mezani, ikiwa anaweza kuita ndege nzima ya wauguzi kesho asubuhi? Tena wanaogopa kwamba bodi ya jimbo itapoteza mamlaka juu ya watu wasiosajiliwa nayo.

Nimelifikiria hili sana, kwa sababu ndugu zetu wako pande zote mbili: wamo kwenye mistari ya mgomo, na wamo miongoni mwa wanaoletwa kujaza nafasi. Hofu ya chama ina msingi. Hata hivyo sioni kwamba leseni ndiyo kufuli sahihi. Hospitali ziliwapata wauguzi mbadala mwaka 2022 wakati Minnesota ikiwa nje ya mkataba. Anayelipa gharama ya kufuli hiyo kila siku ni mama wa watoto watatu anayetaka kuhamia karibu na dada yake. Idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja inalindwa na sheria inayotaja idadi hiyo. California ilitunga sheria yake mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004, na katika chumba cha mahututi muuguzi hapewi zaidi ya wagonjwa wawili. Minnesota inaweza kuwalinda wauguzi wake wodini na kuwafungulia barabara kwa wakati mmoja. Upande wa pili nao, wenye hospitali wanaoupigia debe mkataba kama tiba ya upungufu wa wauguzi, waseme kweli: mkataba haumzalishi muuguzi hata mmoja. Unamtoa hapa unampeleka pale, na jimbo lenye mishahara midogo linaweza kubaki na vitanda bila wahudumu.

Na kuna vitu ambavyo hakuna leseni inayovibeba. Katika hospitali zenye vyama vya wafanyakazi, miaka ya utumishi ndiyo inayoamua nani apate Krismasi nyumbani, nani aondoke zamu ya usiku, nani apunguzwe kwanza wagonjwa wakipungua. Muuguzi wa miaka kumi na minane akihama anaingia mwisho wa orodha, nyuma ya msichana aliyemaliza chuo mwaka jana. Watu walivutwa Texas au Florida kwa kuwa hazitozi kodi ya mapato ya jimbo, wakapiga hesabu ya mshahara, na hesabu ikawa nzuri. Hawakuhesabu zamu za wikendi, wala mchango wa uzeeni ambao mwajiri wa zamani huchukua sehemu yake ukiondoka kabla ya miaka iliyoandikwa, wala mwanamke wa kanisani aliyekuwa akiwaangalia watoto wakati mama yuko kazini, asiyelipwa zaidi ya chakula na shukrani.

Ukiwaeleza jamaa nyumbani kuhusu haya hushangaa, kisha hukumbuka ya kwao. Kenya ina leseni moja ya Baraza la Wauguzi, nayo inatambulika kutoka Lodwar hadi Lunga Lunga. Lakini tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, mwajiri wa muuguzi wa hospitali ya umma ni kaunti, na kaunti ni 47. Muuguzi wa Turkana ambaye mumewe yuko Kakamega anahitaji kaunti moja ikubali kumwachia na nyingine ikubali kumpokea, na mara nyingi njia ya haraka ni kumtafuta mwenzake anayetaka kuja upande wa pili wabadilishane. Nyumbani leseni inavuka mpaka na ajira inabaki. Marekani ajira inavuka na leseni inabaki. Waliogatua afya hawakukusudia kutenganisha ndoa, kama vile waliotunga sheria za 1903 hawakukusudia kumzuia muuguzi wa Moorhead. Mipango yote miwili ilipangwa kwa kuitazama taasisi, na mtu anayetoka taasisi moja kwenda nyingine hakuonekana kwenye mchoro.

Wewe unayepanga kuhama mwaka huu, usifuate mfano wa aliyehama mwaka juzi. Ingia Nursys utazame kama leseni yako ni ya jimbo moja au ya majimbo mengi. Angalia kama jimbo unalokwenda limeshaanza kutekeleza mkataba. Kupitisha sheria peke yake hakukusaidii. Piga alama za vidole mapema, na kama umefanya kazi wodini miaka mingi, tarajia kuzirudia. Weka nakala za vyeti vya KMTC au vya chuo chako mahali unapoweza kuzifikia usiku wa manane. Usitoe notisi wala kulipia nyumba kabla ya kuiona namba yako ya leseni. Mkataba wenyewe unaruhusu kutuma ombi kabla ya kuhama. Kinachosubiri uthibitisho wa makazi mapya ni kutolewa kwa leseni ya majimbo mengi tu. Na wewe unayebaki Minnesota na una haki ya kupiga kura, mjumbe wa bunge la jimbo anayewakilisha mtaa wako ana ofisi na simu. Mweleze habari za daraja la Fargo na Moorhead.